Mifuko mitano ya kulalia mtoto, kwa jicho la fundi cherehani

Mdogo wangu wa Birmingham ana mimba ya miezi saba, na tangu wiki iliyopita simu yangu haipumui. Kila usiku picha: mfuko wa kulalia wenye sungura, mfuko wenye nyota, mfuko wenye mabawa mabegani kama mtoto anakwenda kuruka. "Dada, huu je? Na huu?" Nimemjibu mara tatu kwa sauti. Mara ya nne nikaona bora nikae niandike, maana wanaouliza hilo hilo ni wengi, na mimi mifuko hiyo nimeipitia mitano. Mmoja nilizawadiwa, minne nimeilipia mwenyewe. Nimeifua mpaka mingine imechuja, na mmoja nimeupasua kwa mkasi nione tumboni mna nini.

Kupasua huko si ukorofi, ni kazi. Mimi ni fundi cherehani. Nimejifunza ushonaji barazani kwa mama, Ngamiani, Tanga, na sasa nina meza yangu Leicester, mji uliolelewa na viwanda vya soksi na fulana. Siku zangu zinaishia kwenye kupunguza suruali, kubadilisha zipu za makoti, na kuokoa magauni ya harusi ambayo mwenyewe ameyakumbuka Alhamisi na harusi ni Jumamosi. Kwa hiyo nikishika nguo ya mtoto, sungura simwoni. Naigeuza ndani nje kwanza.

Kwa asiyewahi kuuona: mfuko wa kulalia ni kama gauni lisilo na mikono lililoshonwa likafungwa chini. Mtoto unamwingiza, mikono inabaki nje, unapandisha zipu, miguu inacheza humo ndani itakavyo. Unachukua nafasi ya blanketi. Hapa Uingereza, tangu kampeni kubwa ya mwaka 1991, wazazi wanahimizwa wamlaze mtoto chali, bila mto, bila kitu legelege cha kuweza kumfunika uso, ili kuepusha vile vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Baada ya kampeni ile vifo hivyo vilipungua sana. Sasa blanketi lina tabia mbili: ama mtoto analipiga teke usiku na kukucha anakutwa wa baridi, ama analivuta likamfika puani. Mfuko umemkaa mwilini, hauna pa kwenda.

Mama yangu alipokuja kunilea uzazi aliukuta ukining'inia nyuma ya mlango. Akaushika, akaupima kwa macho ya kifundi, akaniuliza ni wa nini. Nikamweleza.

"Mjukuu wangu mnamtia kwenye kiroba? Kwani sembe huyo?"

Tangu siku ile jina lake kwetu ni kiroba. Hata mume wangu, ambaye kwao ni Pemba na maneno ya Tanga huyacheka, ikifika saa moja jioni utamsikia anauliza kiroba kiko wapi.

Neno la kwanza utakalokutana nalo kwenye kibandiko ni tog. Usilikimbie. Ni kipimo kilichobuniwa miaka ya 1940 kwenye taasisi ya utafiti wa nguo ya Shirley Institute, Manchester, na jina lake limetokana na neno la mitaani la Kiingereza lenye maana ya mavazi. Kinachopimwa ni jinsi kitambaa kinavyozuia joto lisipite. Si uzito wala si unene wa kushika kwa vidole, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa fedha zao. Joto linazuiwa na hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Kumbuka mto wa sufi: ukiwa mpya umeumuka, ukilaliwa miaka mitatu umegandamana kama kitumbua cha jana. Sufi ni ile ile, uzito ule ule, hewa ndiyo imetoka. Mfuko wa mtoto nao ndivyo ulivyo.

Mdogo wangu aliponisikia nikitaja tog 2.5 alishtuka. Blanketi lake la kitandani, yale mazito ya kuvishwa foronya, limeandikwa 10.5, na kuna ya 13.5. Robo ya joto letu ndiyo anapewa mtoto, na theluji hii? Ndiyo, na inamtosha. Sisi blanketi letu lina mianya pande zote na tukiona joto tunatoa mguu nje. Mtoto wa miezi mitatu hajui kutoa mguu. Mfuko umemzunguka, na ndani yake amevaa fulana na nguo ya kulalia. Joto kupita kiasi ni hatari kwake, tena hatari ambayo sisi wa pwani hatuizoei kuifikiria, kwa sababu akili yetu ikifika Ulaya inaogopa baridi tu.

Vibandiko vingi vinakubaliana hivi, kwa kukadiria: chumba chenye nyuzijoto zaidi ya 24, tog 0.5. Kati ya 20 na 24, tog 1. Kati ya 16 na 20, tog 2.5. Chini ya 16, tog 3.5. Shirika la Lullaby Trust, ambalo ndilo linaloshughulika na mambo haya hapa, linapendekeza chumba cha mtoto kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Ukizitazama hizo namba utaona maduka yanavyotuchezea. Yanaandika "majira ya joto" kwenye mfuko mmoja na "majira ya baridi" kwenye mwingine, kana kwamba mtoto analala nje uwanjani. Analala chumbani, na chumba kina kalenda yake.

Mfano ninao. Mwanangu alizaliwa Februari 2022. Nje barafu imeganda kwenye vioo vya magari, lakini ndani mama yangu, ambaye siku ya kwanza alivaa koti langu juu ya koti lake, aliifungulia hita mpaka kipimajoto cha ukutani kikasoma 25. Ndani ya Februari, katikati ya theluji, mtoto yule alikuwa anahitaji mfuko mwepesi. Halafu ikafika Juni, mama karudi Tanga, hita tumezima, mvua ya siku tatu, nikaamka saa tisa usiku kipimajoto kinasoma 17. Nikautoa mfuko mzito kabatini. Ningefuata sungura mwenye miwani ya jua wanayemchora kwenye mifuko myepesi dukani, mtoto angelala na baridi.

Kwa hiyo kabla ya mfuko wa kwanza, nunua kipimajoto cha chumba. Changu ni kile chenye umbo la yai kinachobadilika rangi: buluu pakiwa na baridi, njano pakiwa sawa, kisha rangi ya chungwa, kisha nyekundu. Usiku taa yake ni kali kidogo, nimekifunika kwa leso upande mmoja.

Haya, viroba vyenyewe.

Wa kwanza ni ule wa zawadi, tog 2.5, wa miezi 0 hadi 6, kutoka kwa mteja wangu mmoja, bibi wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala ambaye Kiswahili chake kimebaki cha dukani: "mzuri", "bei gani", "kesho". Leicester wamejaa, walifika baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Mfuko wake ulikuwa wa pamba ya jezi nje na ndani, ujazo wa poliesta katikati, na mishono ya kukatiza inayochora almasi kutoka juu hadi chini. Nilipoiona mishono ile nikajua aliyeukata anajua. Si pambo. Mishono ile ndiyo inayoushika ujazo usihame. Kila chumba cha almasi kinabaki na ujazo wake hata ukifuliwa mara mia.

Lakini hatukuutumia siku ya kwanza, wala ya ishirini. Mwanangu alizaliwa na kilo 3.1 na kibandiko kinasema kuanzia kilo 4. Mume wangu akadhani ni mambo ya kampuni kujikinga. Nikachukua futi. Shingo ya mfuko, vifungo vikiwa vimefungwa, na shingo ya mtoto: palibaki nafasi ya vidole vinne. Mtoto mdogo kiasi hicho akijinyonganyonga usiku anaweza kuteremka, kichwa kikaingia ndani ya mfuko, na hapo mfuko umekuwa mbaya kuliko blanketi. Tukangoja wiki tano. Wakati ule alilala na blanketi jepesi la matundu matundu, limechomekwa chini ya godoro pande zote, limeishia kwapani, na miguu yake ikigusa ubao wa chini wa kitanda ili asiwe na pa kuteremkia.

Hili la shingo nitalirudia mpaka mchoke. Funga zipu na vifungo vyote mtoto akiwa ndani. Kidole kimoja au viwili vinapita kati ya kitambaa na shingo, basi. Ukiweza kuingiza kiganja, ni mkubwa, hata kama miezi imetimia. Kisha angalia kwapa. Tundu la mkono likiwa pana, mkono unaingia ndani na bega linafuata. Ile mifuko mizuri ina kifungo cha ziada kwapani cha kulipunguza, unakifungua mtoto akinenepa. Urefu si tatizo. Urefu ukizidi, miguu ina uwanja.

Nilichokipenda zaidi kwenye ule wa zawadi ni zipu yake: inafunguka kutoka juu na kutoka chini pia. Saa nane za usiku nepi imejaa, unafungua chini tu, kifua kinabaki na joto lake, mtoto hata macho hafumbui. Na pale zipu inapoishia kidevuni pana kipande cha kitambaa kimekunjwa kuifunika. Zipu isiyo na kikunjo hicho itamchubua mtoto kidevu, na baadaye, akiota meno, ataitafuna.

Mfuko ule ulikaa nasi mpaka Julai, mtoto akaukataa kwa urefu. Sina neno baya juu yake. Ila ulikuwa mweupe. Nani anashona kiroba cheupe cha mtoto anayecheua?

Julai yenyewe hiyo ndiyo iliyoninunulisha wa pili. Waliokuwa hapa wanakumbuka tarehe 19 Julai 2022: Coningsby, kule Lincolnshire, jirani zetu tu, kipimo kilifika nyuzi 40.3, haijawahi kutokea nchi hii. Watu wa Tanga mtacheka, lakini Tanga nyumba ina madirisha yanayotazamana na upepo wa bahari. Nyumba yetu hapa ni ya matofali, imebanwa katikati ya nyingine mbili, imejengwa ili joto lisitoke. Saa sita usiku chumbani 29, yai limekuwa jekundu kama jicho la mvutaji. Siku moja kabla nilikuwa nimekimbilia dukani nikanunua mfuko wa tog 0.5, kitambaa kimoja tu cha pamba, hauna ujazo, pauni 19. Usiku ule hata huo sikumvika. Alilala na nepi peke yake, dirisha wazi, na mimi nimekaa na taulo bichi.

Ule mfuko niliutumia pengine mara kumi majira yote. Umeshonwa vizuri, sina lawama, lakini ukiniuliza kama ni wa lazima, hapana. Kwa nyuzi 25, 26, nguo nyepesi ya kulalia peke yake inafanya kazi ile ile. Walionao wananiambia faida yake ni mazoea: mtoto akivishwa mfuko anajua ni usingizi, hata joto likiwepo. Sawa. Pauni 19 za mazoea kila mtu ajipimie.

Wa tatu ndio niliopasua.

Vuli ya 2022 bei ya gesi na umeme ilipanda hadi watu wakawa wanazima hita na kukaa na makoti sebuleni. Sisi pia. Nikaona mtoto atahitaji kitu kizito kweli, na sokoni, kwa mwuzaji ambaye simtaji, nikakuta mfuko umetuna kama koti la kwendea kwenye theluji, una kofia yenye masikio ya dubu, pauni 12. Naona haya kusema, mimi fundi, lakini nilinunua kwa unene. Nilikuwa na homa, mtoto begani, mvua inanyesha. Basi.

Nyumbani nikaugeuza. Kibandiko cha kufulia kipo, cha tog hakipo. Kofia: mfuko wa kulalia hautakiwi kuwa na kofia, mtoto anapoozea mwili kupitia kichwani, na kofia ikigeuka inafunika uso. Shingo pana kama ya shati la mtoto wa miaka minne. Zipu ya upande mmoja, haina kikunjo. Mishono ya kukatiza hakuna hata mmoja, nje laini tu, yaani ule ujazo umetiwa ndani kama unavyojaza mto na kufunga mdomo. Nikasema niufue nione. Mara ya kwanza ukatoka umelala upande. Mara ya tatu juu kifuani pakawa na vitambaa viwili vitupu vinagusana, na chini miguuni limejaa donge la ukubwa wa nazi. Nikachukua mkasi. Ndani nyuzi za poliesta zisizoshikana na kitu, na kwenye kona moja kipande cha sponji ya godoro, sijui kimefuata nini.

Mtoto hakuulalia hata siku moja. Kofia nimeikata na kuitupa, kilichobaki nimekishona kikawa mto wa kiti changu cha cherehani. Kwa kukalia ni mzuri.

Baada ya aibu hiyo nikanunua wa nne kwa utulivu: tog 2.5, wa miezi 6 hadi 18, dukani, pauni 32, umeandikwa kiwango cha Ulaya cha mifuko ya kulalia, EN 16781. Namba hiyo itafute kwenye kibandiko. Maana yake umetengenezwa kwa kufuata masharti ya usalama, yakiwemo ya ukubwa wa shingo na matundu ya mikono na vifungo visivyong'oka. Desemba ile ilipiga baridi wiki nzima na zaidi, hita tunaiwasha kwa muda wa saa mbili jioni na saa mbili asubuhi tu. Chumbani usiku 15, mara moja 14. Kwa hesabu ya vibandiko hapo ni pa tog 3.5, na mume wangu tayari alikuwa ameshaipata kwenye simu, pauni 40 na ushee.

Nikakataa. Tog 3.5 ingetufaa wiki mbili za mwaka, na usiku ambao hita ingewaka ikasahaulika, mtoto angechemka humo ndani. Nguo za chini unaweza kuongeza na kupunguza. Mfuko wenyewe huwezi kuupunguza. Nikamvika fulana ya mikono mirefu, juu yake nguo ya kulalia yenye soksi zake, kisha mfuko wa 2.5. Kila nikiamka kumnyonyesha nilipapasa nyuma ya shingo yake na kifuani. Pakiwa pakavu na vuguvugu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja. Viganja na vidole vya miguu usivisikilize, vya watoto huwa baridi muda wote. Mama yangu kwa simu alikuwa ananiuliza kila siku, "Mikono imepata moto?" na kila siku ananiagiza kofia na soksi mbili mbili. Yule muuguzi anayepita majumbani aliwahi kumweleza mambo ya kichwa na joto, mimi nikitafsiri. Mama akamsikiliza kwa heshima zote, akaitikia, akamkaribisha chai, na muuguzi alipotoka tu akamvalisha mtoto kofia.

Mfuko wa nne una tundu dogo mbele na jingine nyuma, la kupitishia mkanda wa kiti cha gari. Kwenye duka walilisifia sana. Tulilitumia mara moja. Tatizo ni kwamba ujazo unakaa kati ya mkanda na kifua, ukikaza unaona umekaza, kumbe umebana hewa tu. Gari likifunga breki kwa nguvu ile hewa inatoka na mkanda umelegea. Kwenye gari mvalishe nguo za kawaida, mkanda ukae mwilini, blanketi liwe juu ya mkanda. Yale matundu nimeyaziba kwa mkono, kwa sababu upepo ulikuwa unapita.

Na huu wa nne ndio uliosafiri. Julai 2023 tulikwenda nyumbani, mtoto ana miezi kumi na saba. Tanga mjini mfuko ulikaa sandukuni, alilala na chandarua na kaptula, hakuna aliyeuliza. Lakini wiki moja tulipanda Lushoto kwa shangazi, na anayedhani Tanzania haina baridi akalale Usambara mwezi wa saba. Nyumba ya mawe, hakuna hita, ukungu unaingia mpaka jikoni. Yai langu nililibeba, na usiku wa kwanza likawa buluu kabisa, 14. Nikautoa mfuko. Alilala kwa saa kumi na moja bila kugeuka, na binamu zake watatu kitanda cha pili wananyang'anyana blanketi moja mpaka alfajiri.

Asubuhi shangazi akaita majirani waje waone. Uliwekwa mezani ukageuzwa na mikono sita. Mmoja wao, anayeuza mitumba, akasema, "Haya? Mbona yanakuja sana kwenye mabelo? Sisi tunajua ni magauni yaliyoshonwa vibaya, tunayatoboa chini ndiyo tunauza." Nikamfuata hadi kwenye meza yake. Kweli, palikuwa na mawili, moja tog 2.5 safi kabisa la miezi 6 hadi 18, halijatobolewa, kwa shilingi elfu tatu. Haifiki hata pauni moja! Nililinunua nikamwachia mke wa binamu yangu aliyekuwa na mtoto wa miezi minane, baada ya kumpima mtoto shingo. Yule mama wa mitumba nikamwonyesha jinsi ya kusoma namba kwenye kibandiko, na akaniahidi ataacha kuyatoboa. Waliopo Lushoto, Makete, Njombe, Limuru, mkipita kwenye meza za nguo za watoto yatafuteni, na mkiyaona mtajua bei ya kuanzia.

Wa tano, wa tog 1, nimeuacha mwisho kwa sababu ndio ninaoupenda, na nao pia ni mtumba: duka la hisani karibu na stesheni, pauni 3. Miezi 6 hadi 18, rangi ya haradali, hauonyeshi doa. Zipu yake haiko katikati, inaanza kwapani inazunguka ubavu mpaka miguuni, kwa hiyo unautandaza wote kama mkeka, unamlaza mtoto juu yake, unamfunga. Kwa mtoto anayepigana akivalishwa, na wangu ni bondia, hiyo ndiyo zipu. Huu ndio uliotumika siku nyingi kuliko mingine yote, Aprili hadi Oktoba karibu kila usiku, na hata baridi ilipokuja, zile jioni tulizokuwa na wageni na hita inawaka.

Kwa mtumba nina mambo yangu ninayoyafanya kabla ya kulipa. Naushika mabegani nautazama kwenye mwanga wa dirisha: penye ujazo panakuwa na giza, palipohama panapitisha mwanga, utaona mara moja. Navuta vifungo kwa nguvu, kifungo kinachotaka kung'oka king'oke dukani, kisije kikang'oka mdomoni mwa mtoto. Zipu naipandisha na kuishusha mara tano. Kibandiko cha tog kikiwa kimekatwa, naurudisha, hata uwe mzuri vipi. Na naunusa, naam, kwa sababu ujazo uliowahi kukaa na unyevu hautoki harufu kwa sabuni yoyote.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitaka hesabu: kwa mwaka wa kwanza nunua 2.5 wa miezi 0 hadi 6 uwe mpya, kwa sababu shingo ya mtoto mchanga haina masihara. Ule wa tog 1 nunua mtumba. Miezi sita ikipita rudia hivyo hivyo kwa saizi kubwa. Tog 0.5 achana nayo mpaka joto likulazimishe. Tog 3.5 achana nayo, ongeza fulana. Mabawa mabegani achana nayo kabisa, yatamwingia mdomoni.

Ule wa haradali ni wako. Zipu yake imepoteza meno mawili ubavuni, mtoto wako hataufikia kabla ya majira ya vuli, muda upo. Nimeshanunua zipu nyingine ya sentimeta 90, rangi haikupatikana ya haradali, nimechukua ya kijani. Jumapili nikimaliza gauni la bibi harusi ninalo mezani nitaibadilisha, nitie na kikunjo cha kidevuni, maana mwenye kuushona alikisahau.